Kwa nini maji ya ghuba huwaka usiku yanapoguswa?

Swali
Ndugu zangu, nimesoma kuhusu Mosquito Bay, ghuba ya kisiwa cha Vieques huko Puerto Rico, ambako kasia likikata maji usiku huacha mkia wa mwanga wa buluu. Naomba ufafanuzi: mwanga huo hutoka wapi, na kwa nini ghuba hiyo huwaka karibu mwaka mzima ilhali pwani nyingine huwaka siku chache tu?

Jibu la kwanza
Mwanga hutolewa na viumbe wa seli moja waitwao dinoflajelati, na hapo ni hasa aina ya Pyrodinium bahamense. Maji yakitikiswa, tindikali huongezeka ndani ya vifuko vidogo vya seli, kimeng'enya (kichocheo cha kemikali) cha lusiferasi huiunganisha kemikali iitwayo lusiferini na oksijeni, na mwako hutokea kwa takribani sehemu ya kumi ya sekunde. Ndiyo maana usipoyagusa maji hubaki meusi, lakini samaki akishtuka utaiona njia yake yote, na ukitoa mkono majini vitone vitametameta hadi kwenye kiwiko. Inaaminika kwamba mwako huo humshtua mdudu anayetaka kuwala, au humfichua kwa samaki wanaomwinda yeye.

Jibu la pili
Niongeze kuhusu sehemu ya pili ya swali, ambayo kwangu ndiyo yenye uzito zaidi. Ghuba hiyo ina kina kifupi na mlango mwembamba, kwa hiyo viumbe hawa hawachukuliwi ovyo na maji kupwa, na mikoko inayoizunguka huangusha majani ambayo yakioza huwalisha. Kwenye pwani iliyo wazi hustawi kwa ghafla, kisha mawimbi huwatawanya. Kimbunga Maria kilipopiga mwezi Septemba 2017, mikoko iliharibika na ghuba ikawa giza kwa miezi kadhaa kabla ya mwanga kurejea. Kuogelea humo kumepigwa marufuku, na naunga mkono kabisa, kwani mafuta ya ngozi na dawa za mbu huwadhuru viumbe hawa.

Jibu la tatu
Tusidhani kwamba kila ghuba inayowaka ina dinoflajelati. Katika ghuba ya Toyama, Japani, ni ngisi wadogo wenye viungo vya mwanga mwilini, ambao hupanda kutoka kilindini kuanzia Machi ili kutaga mayai. Popote uendapo, chagua usiku usio na mbalamwezi.