Naomba ushauri: lupasi imeshika figo, na natamani mtoto

Habari zenu wapendwa. Nina lupasi (ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kushambulia mwili wenyewe), nayo imeshambulia figo. Daktari anataka ugonjwa utulie angalau miezi 6 kabla sijabeba mimba. Dawa ya mikofenoleti, ya kutuliza kinga ya mwili, ameshaniachisha kwa sababu hudhuru kiumbe tumboni, sasa badala yake natumia azathioprini, na dawa yangu nyingine ya lupasi, haidroksiklorokwini, naendelea nayo.

Kinachoninyima usingizi ni kifafa cha mimba. Kwetu wenye figo hizi hatari ni kubwa zaidi, na presha ikipanda au protini ikizidi kwenye mkojo, ni vigumu kutofautisha kama ni kifafa cha mimba au lupasi imeamka.

Dada zangu mliopitia haya, aspirini ya kupunguza hatari ya kifafa cha mimba mlianzishiwa lini? Mkojo na presha mlipimwa kila baada ya muda gani? Na wenye kingamwili za Ro (zinazoweza kuathiri moyo wa mtoto tumboni), mapigo ya moyo wa mtoto yalifuatiliwaje?