Mungu anaupendaje ulimwengu unaomchukia?

Binti_Tabata: Shalom wapendwa. Jumatano nafundisha Yohana 3:16 (Mungu aliupenda ulimwengu hata akamtoa Mwanawe) jumuiyani, dakika 40. Nianzie wapi watu wasidhani tulipendwa kwa kuwa tunafaa?

Mzee_Kigamboni: Shalom binti. Usiishie 16, soma mpaka 20: ulimwengu unapenda giza, unachukia nuru. Kisha Warumi 5:6-10. Waache wenyewe wachomoe tunavyoitwa pale: dhaifu, waovu, wenye dhambi, adui. Kristo alitufia tukiwa hivyo hivyo, kabla ya toba yoyote. Hapo ndipo utamu ulipo!

Mwl_Ubungo: Naungana na mzee. Ila usiruke mstari wa 18 wa Yohana 3, watu wataondoka wakidhani hukumu haipo. Dakika 10 za mwisho, Mathayo 5:44-45. Kila mmoja amwombee adui yake kwa jina, kimoyomoyo.

Binti_Tabata: Asanteni sana, Mungu awabariki.