Mrejesho: macho ya mama na sukari yake
Wadau nimerudi. Niliuliza kama kuna haja mama, ana kisukari, apimwe macho wakati anaona vizuri tu na sukari ya asubuhi inasoma 6 mpaka 7, mkasema aende. Tumeenda, wakamwekea matone ya kupanua mboni (siku hiyo asiendeshe gari, ukungu unakaa masaa kadhaa) wakakuta vimishipa vya retina (utando wa nyuma ya jicho) vimeanza kuvuja kidogo na yeye hajahisi kitu kabisa! HbA1c, ile ya damu inayoonyesha wastani wa sukari wa miezi 3, ikatoka 8.4%, iko juu, kumbe akishakula sukari inapaa na sisi tunapima asubuhi tu. Sasa tunapima na masaa 2 baada ya kula, presha pia. Matibabu ya leza bado hayahitajiki, anarudi baada ya miezi 6. Asanteni sana jamani, mimi nilikuwa nasubiri mpaka alalamike.