Ubao wa sauti wa piano: mbavu na mbinuko vina kazi gani?

Mwanagenzi: Ndugu mafundi, nimechunguza piano ya wima kwa nyuma, nikaona ubao wake mpana wa sauti umegundishwa mbavu kadhaa, yaani fito za mbao, tena umebinuka kidogo kuelekea kwenye waya. Ikiwa ubao unatakiwa utetemeke kwa wepesi, je, mbavu hizo haziuzuii? Na mbinuko huo hupatikanaje?

Seremala: Jibu limo katika mti wenyewe. Sprusi, mti wa jamii ya msonobari, iwe ya Alaska au ya bonde la Val di Fiemme nchini Italia, ni nyepesi lakini ngumu kupinda, na sauti hupita ndani yake kwa kasi sana ikifuata nyuzinyuzi, ila hupungua mwendo mno inapozikata. Gogo hupasuliwa kuelekea kiini ili pete za mwaka zisimame wima katika unene wa ubao. Kisha vipande huunganishwa ubavu kwa ubavu kwa gundi na kupigwa randa hadi milimita 8 hivi, na mara nyingi kingo hupunguzwa zaidi. Mbavu hugundishwa zikikata nyuzinyuzi, yaani zinaongeza ugumu upande ule ulio dhaifu, ndipo mtetemo usambae ubao mzima. Kupata ugumu huo kwa kuongeza unene tu kungeufanya ubao uwe mzito, na sauti ingefifia.

Fundi wa Piano: Naongezea kuhusu mbinuko, ambao hustahimili mgandamizo wa waya unaopitia kwenye daraja, yaani kipande cha mti kinachopeleka mtetemo wa waya kwenye ubao. Ziko njia mbili. Ya kwanza ni kuukausha ubao hadi unyevu wa asilimia 5 hivi, kisha kuugundisha mbavu zilizonyooka. Ukirudi kwenye hewa ya kawaida hutanuka, lakini kwa kuwa upande mmoja umeshikwa na mbavu, hubinuka. Ya pili ni kuzichonga mbavu zenyewe ziwe na upinde. Mimi naipendelea hii ya pili, maana ile ya kwanza huziacha nyuzinyuzi zimekandamizwa miaka yote, na hewa ikikauka sana nyufa hutokea.

Mwanagenzi: Ahsanteni. Je, ubao ukishapata ufa umekwisha?

Fundi wa Piano: La, hasha. Piano nyingi zenye nyufa hulia vizuri. Kagua kwanza kama mbavu zimebanduka, kwa sababu ubavu uliolegea ndio huleta mkwaruzo wa sauti, nao unaweza kugundishwa upya.