Meneja anataka nishonee samaki wawili

Mama Boya, Igombe
Mwangaluka wana jukwaa. Naomba ushauri, msinicheke. Nashona nyavu huku Igombe miaka mingi. Zikichakaa kabisa wavuvi wananiachia (si timba, zile nyavu haramu, msinitie kesi). Tangu mwaka juzi nazifumua, nazisuka upya pamoja na kamba za katani za kufungia mitumbwi, kisha nazining'iniza. Hazifanani na kitu chochote. Hii ya mwisho imenizidi kimo, imevimba katikati kama chungu, na ndani yake kuna tumbo jingine dogo. Sikuipaka rangi. Ule weusi ni mafuta ya injini, na harufu ya dagaa imegoma kutoka hata kwa sabuni ya unga.

Hoteli moja mjini iliichukua. Jana meneja kanipigia: "Dada, wageni wanauliza ni nini. Shonea humo sangara wawili, hata wa bati, wataelewa." Nikiongeza, laki tatu. Nisipoongeza, niifuate. Mngekuwa nyie?

Fundi Pasiansi
Laki tatu hiyo, mama! Shona samaki leo, hela ikiingia utafumua.

Ticha wa Sanaa
Usishone. Magdalena Abakanowicz wa Polandi, aliyefariki 2017, alikuwa anaokota kamba kuukuu kando ya mto Vistula, anazifumua, anazitia rangi, anasuka mavitu makubwa ya kuning'iniza. Mengi ni ya katani, zao lilelile la Tanga! Moja jekundu la mwaka 1969 lina kimo cha kama mita 4. Si zulia, si sanamu ya mtu. Yakaitwa Abakani, kutokana na jina lake mwenyewe, basi. Na hilo tumbo ndani ya tumbo: Ruth Asawa wa Marekani alijifunza kusuka waya mwaka 1947 huko Toluca, Meksiko, kwa wasuka vikapu. Akaja kutengeneza maumbo ya waya yanayoning'inia, ukitazama la nje unaliona na la ndani. Samaki hakuna. Mkeka una miraba tele, nani kawahi kuuliza ni picha ya nini?

Fundi Pasiansi
Sawa ticha, ila mkeka unaulalia.

Mama Boya, Igombe
Ticha asante, huyo wa kuokota kamba mtoni nimempenda bure. Lakini ukweli ni kwamba leo asubuhi nilishakwenda na samaki. Nilikata bati la mjengo, hata magamba nikachora kwa msumari. Nikawafunga. Wa kwanza kavuta tumbo lote upande, wavu ukapinda kama mtu mwenye ndoo mkono mmoja. Nikahamisha, nikasawazisha, bado. Dada wa usafi alikuwa kasimama na fagio lake ananitazama. Akasema, "Sasa naona samaki tu. Jana nilikuwa naona mvua inakuja toka Ukerewe."

Nikachukua mkasi. Samaki nimemwachia meneja mezani, wote wawili, bure.

Fundi, wewe si una jamaa mwenye pikapu? Nataka kuibeba kesho kabla ya saa nne. Haikunjwi, itasafiri imelala, na asiwe amepakia mkaa.