Nimelipia kubadilishiwa mafuta ya breki, kumbe nimebadilishiwa ya kwenye kikopo tu!

Jamani, nina hasira, na naandika ili asije mwengine akafikwa.

Gari yangu ni Corolla ya 1998. Mwezi uliopita niliipeleka gereji hapa Chake Chake, Pemba, nikamwambia fundi mafuta ya breki yameshakuwa meusi, ayabadilishe yote. Akanitoza kazi na chupa mbili za DOT 3, ndiyo aina ya mafuta ya breki. Nikafungua kikopo cha mafuta ya breki kwenye injini, mafuta yanang'ara. Nikaondoka nimeridhika.

Juzi nampeleka mama bandarini Mkoani kuwahi boti. Mnaujua mteremko ule wa kushukia mjini. Nakanyaga breki mara ya nne, mguu unazama mpaka chini, hakuna kitu! Nikatia gia ya L, ile ya mwendo mdogo, nikavuta breki ya mkono, gari ikasimama pembeni. Mama nyuma anatamka shahada.

Nikairudisha kwa fundi. Breki zilishapoa, pedali ngumu kama kawaida. Akaniambia nina wasiwasi. Wasiwasi!

Fundi mwengine alilegeza skurubu ya kutolea upepo kwenye tairi la mbele: yakatoka meusi kama kahawa. Yule wa kwanza alinyonya ya kikopo kwa bomba la sindano akajaza mapya juu, ya kwenye mabomba kayaacha kama yalivyo. Na chupa ya pili sijui kamuuzia nani!

Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani, na sisi tunaishi kisiwani. DOT 3 mpya haichemki chini ya nyuzi 205. Ikishanyonya maji asilimia 3.7 tu, inaweza kuchemka kwenye 140. Mteremkoni breki zinapata moto, mafuta yanachemka, yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Unakuwa unakanyaga hewa. Zikipoa pedali inarudi, na fundi anakuona muongo.

Kubadilisha ni tairi moja moja, mmoja anakanyaga, mwengine anafungua, mpaka yatoke safi kwenye yote manne, kila baada ya miaka miwili hivi. Simama hapohapo uangalie. Na ile chupa iliyokaa wazi kwenye rafu ya gereji usiikubali, nayo ishanyonya.

Yale meusi nimeyatia kwenye chupa ya maji. Kesho asubuhi nakwenda nayo gerejini kwake, nataka pesa yangu, na nataka anieleze mbele ya wateja wake mama yangu alikuwa na wasiwasi gani.