Ukoo wa Babu: maoni ya Kristin kabla ya Jumapili

Neema (Jumatatu, saa 1:10 usiku)
Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo hamjambo. Nawakumbusha kwamba tulikubaliana kusikiliza sehemu mbili za mwanzo za riwaya ya Sigrid Undset, *Kristin Lavransdatter*, kabla ya Jumapili, na kila mmoja aandike maoni yake hapa, ili siku ya kuongea tusipoteze saa nzima tukiulizana nani ni mke wa nani. Hadi sasa nimepokea madole gumba manne. Dole gumba si maoni.

Mjomba Yona (saa 1:34 usiku)
Marahaba, mwanangu. Maoni yangu ni kwamba Erlend Nikulaussøn angekuja kuposa kwetu, ningemuuliza kwanza nani anayesimamia mashamba yake ya Husaby, maana tangu aingie kitabuni ni farasi, nguo nzuri na kesi za kanisani. Halafu anazaa wana saba na Kristin. Ada za shule angelipa nani?

Neema (saa 1:36 usiku)
Mjomba, ni Norway ya karne ya 14. Hakukuwa na ada za shule.

Mjomba Yona (saa 1:37 usiku)
Ndiyo maana aliweza kuzaa saba.

Neema (Jumanne, saa 2:05 asubuhi)
Naomba tuache utani, kwa sababu siku zinakwenda. Naanza mimi. Naona Sigrid Undset hakuandika kisa cha msichana aliyemkaidi baba yake akaadhibiwa, kama nilivyodhani mwanzoni. Kristin anampata mume anayemtaka, anakuwa bibi wa nyumba kubwa, na tatizo lake linaanzia hapohapo, kwa kuwa kila Erlend anapokosea yeye anaweka kumbukumbu, na miaka inavyopita kumbukumbu hizo zinakuwa nzito kuliko mapenzi yaliyomtoa kwao. Nani anapinga?

Daudi, Trondheim (Jumanne, saa 4:50 usiku)
Samahanini kwa kuchelewa, nimetoka kazini sasa hivi. Sipingi, ila ninyi mnasikiliza tafsiri ya Kiingereza ya Tiina Nunnally, iliyotoka kati ya 1997 na 2000, ambayo lugha yake ni nyepesi na imerudisha vipande vilivyoachwa katika tafsiri ya miaka ya 1920. Rafiki yangu alianza na ile ya zamani akaishia njiani, kwa sababu watu wote mle wanaongea kama wanasoma hati ya mirathi. Baba yake Undset alikuwa mwanaakiolojia, na naona hilo katika kila chumba anachokieleza: moto uko wapi, nani analala kitanda gani, bia imewekwa wapi. Kuhusu safari ya toba, ile ambayo Kristin anatembea bila viatu akiwa amembeba mtoto wake wa kwanza hadi Nidaros, ndiyo Trondheim ya leo, akatoe shada lake la dhahabu kwa Mtakatifu Olav: hilo kanisa kuu nalipita kila siku nikienda kazini. Nilipolitazama baada ya kusikiliza sura ile, ilinibidi nisimame.

Mjomba Yona (saa 4:58 usiku)
Ukasimama kwa toba au kwa baridi?

Mama Mdogo Tabitha (Jumatano, saa 11:20 alfajiri)
Nimesoma yote. Mnamzungumzia Erlend na Kristin kana kwamba Simon Andressøn hayupo. Simon alikuwa mchumba halali, aliyechaguliwa na baba mtu, na alipomkuta Kristin mjini Oslo katika nyumba isiyofaa kutajwa, hakumwaibisha wala hakupiga kelele. Aliuvunja uchumba kwa namna ambayo heshima ya binti haikuguswa. Baadaye akamwoa mdogo wake Kristin, Ramborg, akaishi jirani na kidonda chake miaka yote. Na Erlend alipokamatwa kwa kula njama dhidi ya Mfalme Magnus, akateswa, akapoteza mali, ni huyohuyo Simon aliyehangaika kwa wakubwa hadi akaachiwa. Kitabu hiki ni cha Simon.

Jambo la pili ni Lavrans, baba yake Kristin. Alikataa, akaumia, akakonda, lakini mwishowe aliridhia na harusi akaifanya nyumbani kwake Jørundgård kwa mkono wake mwenyewe. Si kila baba huridhia.

Mjomba Yona (saa 1:15 asubuhi)
Dada, tumeanza.

Mama Mdogo Tabitha (saa 1:16 asubuhi)
Nimeombwa maoni, nimetoa maoni. Waliokula wale mbuzi wanajijua.

Mjomba Yona (saa 1:18 asubuhi)
Hakuna aliyekula mbuzi. Mbuzi walirudishwa wote, pamoja na yule mwenye kilema. Mimi ndiye niliyewaswaga, nikiwa darasa la sita, na hakuna aliyeniambia ni kwa nini. Tuendelee na Norway, tafadhali, na kama hamtaki kuendelea basi jueni kwamba mwishoni mwa sehemu ya tatu inakuja tauni ya 1349 na Kristin anafia huko huko kwa watawa.

Neema (saa 1:19 asubuhi)
MJOMBA. Kuna watu hawajafika hata nusu ya sehemu ya kwanza!

Daudi, Trondheim (saa 3:40 asubuhi)
Tauni yenyewe si siri, Neema, kila mtoto wa shule huku anaijua. Kinachoshangaza ni anachokifanya yule mama katikati ya tauni, na hilo Mjomba hajalisema, kwa hiyo tusimwongezee.

Babu (Jumatano, saa 12:30 jioni)
Marahaba nyote. Nimesikiliza sehemu ya kwanza yote, na mwisho wake nimeurudia. Ni usiku wa harusi, wageni wamelala, Lavrans ameshajua kwamba binti yake alitangulia kabla ya ndoa, na moyo wake umevunjika. Ndipo Ragnfrid, mkewe wa miaka yote, anamwambia kwamba yeye naye alikuwa na mtu kabla yake. Mzee yule alikuwa ameomboleza kosa la mtoto, kumbe lilikuwa nyumbani mwake siku zote, na yeye hakuwahi kumuuliza mkewe kwa nini hacheki.

Mbuzi niliwarudisha mimi. Haikuwa mama yenu, Mungu amrehemu, wala haikuwa wajomba zenu, kama mlivyoambiwa. Yule kijana hakuwa na kosa nililoweza kulitaja. Tabitha, Jumamosi njoo nyumbani, uje peke yako. Habari hiyo isiandikwe tena humu.

Neema (saa 2:47 usiku)
Asante, Babu. Tumesikia.

Neema (Alhamisi, saa 3:00 asubuhi)
Wapendwa, naomba turudi kwenye ratiba. Napendekeza Jumapili saa kumi alasiri. La pili ni kuamua kama tunaendelea na sehemu ya tatu, au tunatazama kwanza filamu ya 1995 iliyoongozwa na Liv Ullmann, ambayo inachukua sehemu ya kwanza tu.

Daudi, Trondheim (saa 5:25 asubuhi)
Saa kumi ya huko ni saa tisa huku, na mimi natoka zamu saa kumi. Nitaingia mkiwa mnamaliza. Mimi nachagua sehemu ya tatu. Filamu ni ndefu na inaumaliza utamu wa kujitengenezea sura ya Erlend kichwani.

Mjomba Yona (saa 5:31 asubuhi)
Saa kumi kuna mpira.

Mama Eliza (Alhamisi, saa 3:15 usiku)
Neema mwanangu, samahani, simu haikuwa na chaji. Nimefika pale magogo yanapomwangukia Ulvhild, mdogo wake Kristin, nikashindwa kuendelea. Mtoto anapona? Msiniambie. Na mbona dada yangu Tabitha hapokei simu tangu jana?

Neema (saa 3:20 usiku)
Mama, nitakupigia. Kwa sasa naandika saa kumi na moja, ili Daudi awe ametoka kazini na mpira uwe umekaribia kwisha. Habari ya filamu bado. Babu, saa hiyo utakuwa macho?